Timu inayumba, aletwe kocha gani? Dhana potofu na ukweli wake

Jumatatu baada ya timu kubwa kufungwa, kijiwe cha kahawa Kariakoo hujaa mapema. Kabla ya kikombe cha pili yameshatajwa makocha watatu, mmoja wao Mreno ambaye hakuna pale aliyewahi kuiona timu yake ikicheza. Mara ya mwisho nilipokaa nao, mzee mmoja alimeza kashata yake, akapangusa vidole, akatoa hukumu: "Aje yeyote, ilimradi huyu aondoke."

Tukacheka. Lakini viongozi wengi wa klabu zetu huchagua kocha kwa akili hiyohiyo. Wanamjua wasiyemtaka, ila ukiwauliza timu inaumwa nini hawana jibu. Na bila jibu hilo, kocha mpya ni dawa iliyonunuliwa kabla ya kupima.

"Fukuza kocha, timu itaamka"

Dhana hii haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Timu ikibadili kocha, mara nyingi matokeo huwa afadhali kidogo. Mchumi mmoja Mholanzi, Bas ter Weel, aliichambua ligi kuu ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004 akakuta hivyohivyo. Ila yeye alifanya jambo ambalo kijiweni hatulifanyi: alizitazama pia timu zilizoporomoka vilevile lakini zikabaki na kocha wao. Nazo ziliinuka, tena kwa kiasi kinachokaribiana. Kocha hutimuliwa timu ikiwa imefika chini kabisa, majeruhi wamejaa na bahati imekimbia. Wiki chache baadaye majeruhi wanarudi, ratiba inalegea, na aliyekuwepo benchi siku hiyo anabebwa juu juu.

Tuje nyumbani. Msimu wa 2024/25 Yanga ilishinda mechi zake 8 za kwanza za ligi. Mwanzoni mwa Novemba ikafungwa 1-0 na Azam, Ibrahim Bacca akiwa ametolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza, kisha ikapigwa 3-1 na Tabora United. Mechi 2 tu. Miguel Gamondi, aliyekuwa ametoka kutwaa ubingwa, akafungashiwa virago. Akaja Sead Ramovic, na mechi yake ya kwanza, nyumbani, akafungwa 2-0 na Al Hilal ya Sudan. Akaenda Algiers kwa MC Alger, 2-0 tena. Kwenye ligi ya ndani timu ikarudi kugawa vipigo kama zamani. Februari 2025 Ramovic akahamia CR Belouizdad ya Algeria, akaingia Miloud Hamdi, na msimu ukaisha Yanga ikiwa bingwa.

Makocha 3 ndani ya msimu mmoja, na kombe likabaki palepale Jangwani, makao ya Yanga. Anayetaka kujua ni la nani kati ya hao watatu aanze kwa kuitazama orodha ya wachezaji.

"Asipotoa matokeo haraka, tumekosea kumchagua"

Hapa ndipo ninapogombana na marafiki zangu wengi, na silaha yangu huwa ni Nasreddine Nabi.

Alitua Yanga Aprili 2021. Klabu ilikuwa kwenye kiu halisi: Simba walikuwa wakielekea ubingwa wa nne mfululizo, na wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, walikuwa wameona makocha wakipita kama abiria wa daladala. Zlatko Krmpotic alikuwa ameondolewa Oktoba 2020 baada ya wiki chache tu, bila kupoteza mechi ya ligi. Cédric Kaze aliyemfuata hakufika hata mwisho wa msimu. Nabi naye hakuleta muujiza. Ligi ikaenda Msimbazi, kwa Simba. Fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, pale Kigoma, Julai 2021, ikaenda Msimbazi. Septemba ikawa fedheha ya Ligi ya Mabingwa: Rivers United ya Nigeria iliifunga Yanga 1-0 Dar, ikaifunga 1-0 kwao.

Kwa kipimo cha mzee wa kashata, huyo alipaswa kuwa ndani ya ndege jioni ileile. Uongozi ukambakiza. Msimu huo wa 2021/22 Yanga ikachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja, na 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa kwa bao la ugenini dhidi ya USM Alger ya Algeria: jumla ya mabao ilikuwa sawa, ila wenzao walifunga mengi zaidi ugenini.

Je, ni subira peke yake? Hapana, na hapa wapenda subira nao huwa wanatia chumvi. Dirisha la katikati ya 2021 waliingia Djigui Diarra golini, Djuma Shaban, Yannick Bangala, Khalid Aucho, na Fiston Mayele mbele. Uti wa mgongo mzima ulikuwa mpya. Uongozi ulikuwa umeshapima: tatizo lilikuwa kikosi, si mtu wa benchi. Tena wakamrudisha Kaze yuleyule, safari hii kama msaidizi wa Nabi, maana aliwajua wachezaji na ligi. Nijuavyo mimi, huo ni mmoja wa uamuzi wa busara zaidi kufanywa na klabu ya Tanzania katika benchi la ufundi, na hakuna aliyeupigia vigelegele.

"Mwenye wasifu mrefu ndiye salama"

Januari 2024, Ivory Coast, wenyeji wa AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta kwenye makundi. Jean-Louis Gasset, mzee mwenye miaka mingi kwenye soka la Ufaransa, akaondoka mashindano yakiendelea. Shirikisho likajaribu kumwazima Hervé Renard, bingwa wa Afrika mara 2, kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa. Wafaransa wakakataa. Akabaki msaidizi, Emerse Faé, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa. Februari 11 akaifunga Nigeria 2-1 kwenye fainali.

Wasifu hauko bure, lakini unasimulia yaliyotokea mahali pengine na wachezaji wengine. Claudio Ranieri alitimuliwa na Ugiriki Novemba 2014 baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe. Kwa karatasi hiyo hakuna klabu ambayo ingemgusa. Leicester wakamgusa, na 2016 wakawa mabingwa wa Uingereza. Miezi 9 baadaye wakamfukuza, lakini hiyo ni habari ya wenye mali.

Kama ningekuwa kwenye kamati inayofanya usaili, ningeiweka kando bahasha ya vyeti nusu saa ya kwanza. Ningempa mwombaji video za mechi 3 za mwisho, kisha nimuulize: Jumatatu saa 2 asubuhi ukiingia uwanjani, zoezi la kwanza ni lipi, na nani humwanzishi Jumamosi? Atakayejibu kwa "falsafa yangu" nitamshukuru kwa muda wake.

"Mzawa ni wa kukaimu tu"

Septemba 2022 Zoran Maki aliiacha Simba ghafla. Juma Mgunda akatolewa Coastal Union, Tanga, akaingia kukaimu, akaipeleka timu kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa baada ya kuishinda Primeiro de Agosto 3-1 kulekule Luanda. Januari akaletwa Mbrazili, Robertinho, naye hakuwa mbaya: aliifikisha timu robo fainali, ikatolewa na Wydad kwa penalti. Nisichokielewa ni kwamba kazi ya Mgunda haikuhesabika kama usaili. Mgeni akishinda mechi 4 anaongezewa mkataba, mzawa akishinda 4 anaambiwa ahsante sana mwalimu, mwenyewe anakuja.

Taifa Stars, timu yetu ya taifa, walifunzwa somo hilo kwa shida. Kwenye AFCON ileile ya Ivory Coast, kocha wao Adel Amrouche alifungiwa mechi 8 na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kisha TFF, shirikisho la Tanzania, ikamsimamisha, timu akakabidhiwa Hemed Suleiman "Morocco". Novemba 2024, Mzanzibari huyo aliifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa, uwanja mkubwa wa Dar, na Tanzania ikafuzu AFCON nyingine.

Wapo wanaoigeuza dhana hii kichwa chini na kudai mzawa apewe kwa sababu tu ni mzawa. Hao nao waache.

"Nyota wetu wa zamani anaijua klabu, mpeni"

Frank Lampard, mfungaji bora wa Chelsea wa wakati wote, alirudishwa kuiokoa Aprili 2023. Mechi 11, ushindi 1. Tuendelee.

"Timu ya mkiani inataka kocha mkali"

Msimu mmoja nilikwenda kuangalia mazoezi ya timu iliyokuwa ikipambana isishuke daraja. Kocha mpya alikuwa na siku 4 kazini, aliletwa kwa sifa ya ukali. Filimbi shingoni, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Wachezaji 25, mipira 8, mmoja ukiwa umepoteza upepo hata ukiubutua hauendi popote. Akawapigia kelele nusu saa nzima: kimbia, rudi, kaba. Walikimbia. Wakati wa kunywa maji, kiungo mmoja, kijana mpole, akamsogelea na kumuuliza kwa heshima zote: "Shikamoo mwalimu. Samahani, kuna taarifa yoyote ya mishahara?" Ilikuwa miezi miwili haijaingia. Mwalimu akaitazama saa yake. Yeye mwenyewe, nilikuja kuelezwa na meneja wa timu, alikuwa bado hajapewa nyumba, analala gesti.

Timu ile ilishuka. Sijui kocha gani duniani angeipandisha kwa filimbi. Ukali unasaidia pale wachezaji wanapokula, wanalala na wanalipwa, halafu bado hawajitumi. Kabla ya hapo anayetakiwa kuchaguliwa upya ni mhasibu.

"Leseni ni karatasi tu"

Muulize mwana Simba yeyote kuhusu 2021. CAF ilipokaza masharti ya leseni za ukocha, kocha mkuu Didier Gomes Da Rosa hakuruhusiwa kukaa benchi kwenye mechi za Afrika. Kocha ambaye ndiye aliyeandaa timu, hayupo mstari wa mbele siku timu inapomhitaji! Klabu ikamwongeza Hitimana Thierry. Oktoba 24, baada ya kushinda 2-0 Botswana, Simba ikafungwa 3-1 na Jwaneng Galaxy kwa Mkapa na kutolewa kwa bao la ugenini. Siku mbili baadaye Gomes akaachia ngazi. Sisemi leseni ndiyo iliyofunga mabao 3. Nasema ni swali la kuulizwa siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kupiga picha ameshika jezi.

"Tukimchoka, tunavunja mkataba, yameisha"

"Kwa makubaliano ya pande zote mbili" ni sentensi tamu kwenye mtandao wa klabu. Huko FIFA haina utamu. Tangu Januari 2021 kanuni zake zina sehemu ya makocha peke yao: mkataba ukivunjwa bila sababu ya haki, klabu hulipa fidia, na ya kawaida ni mishahara iliyobaki, ikipunguzwa kwa kile kocha atakachopata kwenye kazi mpya. Ikishahukumiwa, klabu ina siku 45. Isipolipa inafungiwa kusajili wachezaji, hadi madirisha 3 mfululizo. Yaani hasira za Jumapili moja zinaweza kukunyima straika mwaka ujao. Anayesaini mkataba wa miaka 2 na kocha asiyemjua ajue anasaini na hilo pia, na lugha ya mkataba kuhusu kuachana isomwe na mwanasheria, si na msemaji wa klabu.

"Tunaajiri kocha"

Mnaajiri benchi. Fadlu Davids alipokuja Simba Julai 2024 alikuja na wenzake kutoka Afrika Kusini, wakaifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane. Septemba 2025 Raja Casablanca wakamwita, wakaondoka pamoja. Simba ikajikuta ina mechi ya marudiano na Gaborone United na haina wa kusimama mstari wa mbele, ikamwazima Hemed Morocco kutoka timu ya taifa. Ikapita kwa sare ya 1-1, roho mkononi.

Katika mazungumzo ya kumwajiri kocha, nani aliuliza: siku ukiondoka na watu wako, mafaili ya hali ya miili ya wachezaji, video na mipango ya mazoezi vitabaki kwa nani? Selemani Matola aliingia benchi la Simba kama kocha msaidizi Desemba 2019, wakati wa Sven Vandenbroeck. Tangu hapo Wabelgiji, Wafaransa, Wahispania, Waserbia, Wabrazili, Waalgeria na Waafrika Kusini wamekuja na kuondoka. Siku klabu inapoketi kuchagua mwingine, sijawahi kusikia Matola ameitwa kwenye chumba hicho aulizwe wale waliotangulia walikwama wapi.