Hapana, mwale wa setilaiti hauwezi kuichoma Dodoma

Kila umeme wa jua kutoka angani unapotajwa, yaani setilaiti inayokusanya nguvu za jua na kuzirusha ardhini kwa mwale wa maikrowevu, hoja ni ileile: mwale ukiponyoka utaukata mji kama panga la moto. Nimechoka kuijibu kwa mdomo.

Tuchukue mfumo ambao NASA na Wizara ya Nishati ya Marekani waliuchambua miaka ya 1970: gigawati 5, masafa ya gigahezi 2.45, antena ya kipenyo cha kilomita 1, obiti ya kilomita 35,786. Kwa vipimo hivyo mwale unafika ardhini ukiwa umetanuka kupita kilomita 10, na hakuna namna ya kuubana bila kukuza antena. Katikati yake ni wati 230 kwa mita ya mraba. Jua la saa sita mchana hapa kwetu ni karibu 1,000.

Halafu hilo neno "kuponyoka". Mwale haulengwi kwa kuzungusha sahani! Antena ina vipande 7,220, kila kimoja kama mita 10 kwa 10. Katikati ya kituo cha kupokelea, tuseme Bahi mkoani Dodoma, inarushwa ishara elekezi kwenda juu. Kila kipande kinaipokea, kinasoma awamu yake (wimbi limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake), kinaigeuza kinyume, kisha kinarusha nguvu kwa awamu hiyo. Mawimbi yanakutana pale ishara ilikotoka. Ishara ikikatika, kila kipande kinarusha kivyake, na nguvu ya katikati inagawanywa kwa idadi ya vipande: wati 230 zinabaki 0.03. Mwale unasambaratika, hauhami. Ishara ya uongo? Ya halali inabeba msimbo. Isiyo nao haifuatwi.

Kasoro za kweli ziko kwingine. Vipande vikikosea awamu kwa wastani wa nyuzi 10 tu, 3% ya nguvu inamwagika nje ya mwale, yaani megawati 150, tena kwenye masafa ya Wi-Fi. Uzio wa kituo nao lazima ukae pale kiwango kinaposhuka hadi wati 10 kwa mita ya mraba, kikomo kwa raia cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii.

Linalonitia shaka ni ndege, wale wa manyoya. Mfano wa jua niliotoa hauwatoshi: jua huishia kwenye manyoya, maikrowevu hupenya nyamani, na ndege anayeruka tayari anazalisha joto jingi. Kundi la kwelea kwelea likipita katikati mchana, wati 230 zinaongezwa juu ya jua, si badala yake. Kabla ya kusimika nguzo ya kwanza, wapimwe joto la mwili wakiwa hewani, ndani ya mwale wa kiwango hicho, saa ya jua kali.