GRANT ALL haikufanyi mwenye jedwali
Umehamia seva mpya ya PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata), data yote ipo, lakini programu inagoma: “must be owner of table wateja”. Wengi hukimbilia GRANT ALL, amri ya kutoa ruhusa zote. Haisaidii. Mpangaji mwenye funguo zote bado si mwenye nyumba: utasoma na kuandika data, ila kuongeza safu wima kwa ALTER TABLE (amri ya kubadili muundo wa jedwali) ni kazi ya mmiliki.

Chanzo mara nyingi ni pg_dump, zana ya kunakili hifadhidata, isiyobeba watumiaji wenyewe. Ukirejesha nakala kama postgres (msimamizi mkuu) wakati “duka”, mtumiaji wa programu yako, hajaundwa, majedwali yanabaki ya postgres. REASSIGN OWNED BY postgres, amri ya kuhamisha umiliki wote kwa mkupuo, nayo hukataa, kwa sababu postgres anamiliki vitu vya mfumo. Muunde duka kwanza, kisha, jedwali kwa jedwali (inachosha, najua): ALTER TABLE wateja OWNER TO duka;