Moto wa Nyika Hauhamishi Swala

Huku Bagamoyo, hasa katika vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, imezoeleka kusemwa kwamba nyika ikiungua swala wamehama, na kwamba mwindaji mwenye kibali afadhali apange kwenda kwingine. Sivyo. Kongoni husogea pembeni moto unapopita, kisha nyasi changa zinapochipua katikati ya masizi hurejea kuzila, kwa kuwa zina protini nyingi kuliko nyasi kavu zilizokomaa. Paa na funo hubaki kwenye vichaka visivyoungua. Anayepata taabu zaidi ni tohe, aliyezoea kulala ndani ya nyasi ndefu.

Huko California, baada ya moto wa Mendocino Complex wa mwaka 2018, kulungu waliovishwa mikanda ya kufuatilia nyendo zao walirejea makwao, wengi wao ndani ya saa chache tu, ijapokuwa malisho yalikuwa haba na wakakonda.

Basi mwenye kibali, nje ya hifadhi (ndani yake uwindaji hauruhusiwi kabisa), na aanze kutazama ukingo unaotenganisha sehemu iliyoungua na isiyoungua.