"Muswada Umepita Marekani": Umepita Wapi, na Pesa Ziko Wapi?

"Mwalimu, redioni wamesema muswada umepita huko Marekani. Mbona sisi kituoni hatujaona kitu?"

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ameketi safu ya nyuma na daftari lake likiwa wazi magotini. Semina ilikuwa inafungwa, na nilimpa jibu la juu juu ambalo halikunitosha hata mimi. Swali lake lilistahili zaidi. Watu wanaotegemea dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hawawezi kuishi kwa vichwa vya habari, nasi tulio kwenye kazi ya elimu kwa umma tuna wajibu wa kueleza kilicho nyuma ya vichwa hivyo.

Katika Bunge la Marekani, lenye mabaraza mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti, muswada unaweza kupita kamati, ukapita baraza moja, hata ukapita la pili, na bado usiwe sheria. Na ukishakuwa sheria, inaweza kuwa sheria inayoruhusu fedha zitumike bila kutoa hata dola moja. Hapo pa mwisho ndipo wengi tunapopotea. Nitafuata safari ya muswada mmoja tu, ule uliozaa PEPFAR, mpango wa Marekani wa kugharamia mapambano dhidi ya UKIMWI katika nchi nyingine, kwa kuwa matokeo yake yalifika hadi kwenye zahanati zetu.

Tarehe 28 Januari 2003, Rais George W. Bush alilihutubia Bunge na kuliomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano ili kupambana na UKIMWI Afrika na Karibiani. Alieleza kuwa gharama ya dawa kwa mgonjwa mmoja imeshuka kutoka dola 12,000 kwa mwaka hadi chini ya dola 300. Wabunge walisimama wakapiga makofi. Lakini usiku ule hakuna senti iliyotoka, kwa sababu rais wa Marekani hana uwezo wa kuwasilisha muswada.

Jambo hili hutushangaza Watanzania. Kwetu waziri ni mbunge. Anasimama na kuwasilisha muswada wa Serikali, na kwa kawaida unapita. Katiba ya Marekani inamkataza mbunge kushika wadhifa serikalini wakati huohuo. Rais akitaka sheria, sharti apate mbunge au seneta wa kuubeba muswada wake. (Ndugu zetu wa Kenya wanaielewa hali hii vizuri zaidi, maana tangu Katiba yao ya 2010 mawaziri si wabunge.) Katika Baraza la Wawakilishi, lenye wabunge 435, namna ya kuwasilisha ni rahisi ajabu: mbunge anautia sahihi muswada na kuutumbukiza kwenye sanduku la mbao lililo kando ya meza ya karani. Makarani wanaupa namba, kisha unapelekwa kamati inayohusika.

Muswada wa UKIMWI uliwasilishwa Machi 2003, ukapewa namba H.R. 1298. Aliyeubeba ni Henry Hyde wa Illinois, wa chama cha Republican, mwenyekiti wa Kamati ya Uhusiano wa Kimataifa. Aliyeshirikiana naye kwa karibu ni Tom Lantos wa California, kiongozi wa Democrat katika kamati hiyohiyo, mzaliwa wa Hungaria aliyenusurika mauaji ya Wayahudi. Bahati ya muswada ilikuwa hapo, kubebwa na mwenye kamati mwenyewe. Miswada mingi hufia kwenye kamati, na hufa kimyakimya. Hakuna anayeipigia kura ya kuikataa; mwenyekiti haipangii siku tu, basi. Kila Bunge hudumu miaka miwili, na katika muda huo miswada huwasilishwa kwa maelfu, inayofikia kuwa sheria ni mamia machache.

Ukitoka kamatini, muswada mkubwa kwa kawaida hauendi moja kwa moja ukumbini. Kamati ya Kanuni hupanga kwanza utajadiliwa kwa saa ngapi na ni marekebisho yapi yataruhusiwa. Watu huiona kamati hiyo kuwa jambo la utaratibu tu, lakini inayo nguvu kubwa, kwa sababu kifungu kimoja kinachoongezwa ukumbini kinaweza kubadilisha maisha ya watu walio mbali kabisa na Washington.

H.R. 1298 unatuonyesha hilo. Sheria iligawa fedha kwa asilimia: 55 matibabu, 15 huduma ya kuwafariji wagonjwa, 20 kinga, na 10 watoto yatima na walio katika mazingira hatarishi. Waliofanya kazi kwenye miradi ya yatima miaka ile wanazijua nguvu za ile asilimia 10. Wapo watoto waliopata sare za shule na ada kwa sababu yake. Ukumbini, mbunge Joseph Pitts wa Pennsylvania akaongeza sharti kwamba angalau theluthi moja ya fedha za kinga iende kwenye mafunzo ya kujizuia na ngono hadi ndoa. Wengi walilipinga sharti hilo, na kura zilikaribiana, lakini likapita. Kwa miaka kadhaa baadaye, aliyeandika mradi wa kinga Kampala au Dodoma kwa fedha hizo alilazimika kupanga bajeti yake kulifuata. Sheria mpya ya 2008 ndiyo iliyolegeza sharti lile. Kwa maoni yangu, mtu akisoma muswada wa Marekani kwa jina lake tu bila kufungua vifungu, hajausoma.

Mei 1, 2003 Baraza la Wawakilishi likaupitisha kwa kura 375 dhidi ya 41. Redio zingeweza kutangaza siku ile kwamba "umepita", na zisingesema uongo. Lakini nusu ya safari ilikuwa bado.

Seneti ina maseneta 100, wawili kwa kila jimbo, na desturi zake ni nyingine. Huko seneta anaweza kuendelea kuzungumza, au kutishia kuzungumza, hadi muswada ukwame. Kuufunga mjadala kunahitaji kura 60. Ndiyo maana chama kinaweza kuwa na viti 53 na bado kishindwe kupitisha jambo lake. Mwaka ule kiongozi wa walio wengi alikuwa Bill Frist, daktari wa upasuaji wa moyo aliyewahi kutibu wagonjwa Sudan, na alitaka sana muswada upite haraka. Bush naye alitaka aende nao mkononi kwenye mkutano wa G8, kundi la mataifa manane makubwa kiuchumi, mjini Evian, Ufaransa, mwanzoni mwa Juni. Maseneta wakaupitisha Mei 16, ila Seneta Joe Biden alikuwa ameongeza kipengele cha kuzipunguzia madeni nchi maskini.

Kipengele hicho kimoja kiliurudisha muswada ulikotoka. Sheria ya Marekani haiwi sheria mpaka mabaraza yote mawili yapitishe maandishi yaleyale, neno kwa neno. Yakitofautiana, ama baraza moja linakubali ya mwenzake, ama inaundwa kamati ya pamoja ya kusuluhisha. Wawakilishi wakachagua njia fupi. Mei 21 walikubali marekebisho ya Seneti. Muswada ukasainiwa na Spika na kiongozi wa kikao cha Seneti, ukaenda kwa rais.

Rais anapewa siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akisaini, ni sheria. Akiukataa kwa kura ya turufu, unarudi Bungeni, na theluthi mbili za kila baraza zinaweza kuupitisha bila ridhaa yake. Akikaa kimya na Bunge likiwa kwenye vikao, unakuwa sheria wenyewe. Bunge likiwa limeahirishwa, unakufa. Bush alisaini Mei 27, 2003, katika Wizara ya Mambo ya Nje, na muswada ukawa Sheria ya Umma namba 108-25: Bunge la 108, sheria yake ya 25. Ndani yake yalikuwamo majina ya nchi 14, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda.

Na bado, mama yangu wa safu ya nyuma, kituoni kusingefika kitu. Sheria hii *iliidhinisha* dola bilioni 3 kwa mwaka. Kuidhinisha ni kama baba kusema mtoto anaweza kununuliwa viatu. *Kutenga* ni kutoa noti mfukoni. Fedha hutengwa kwa sheria nyingine kabisa, zinazoandaliwa na kamati za matumizi, na kila mwaka lazima zianze upya. Sheria ya matumizi iliyobeba fedha za mwaka wa kwanza ilisainiwa Januari 23, 2004, karibu mwaka mzima tangu ile hotuba, na kilichotengwa kilikuwa takriban bilioni 2.4, si 3.

Tofauti hii hufanya kazi kwa upande wa pili pia. Baadhi ya vifungu vya PEPFAR vilifikia ukomo wake Machi 25, 2025 bila Bunge kuviongezea muda. Watu waliingiwa na hofu kwamba mpango umekufa kisheria. Haukuwa umekufa: sehemu kubwa ya sheria yake haina ukomo, na fedha zilikuwa zimetengwa. Kilichovuruga huduma mwaka ule ni amri ya rais ya Januari 20 iliyosimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kitu hicho si muswada.

Je, rais anaweza kuzifuta fedha zilizokwisha kutengwa? Sheria ya 1974 inamtaka aliombe Bunge. Juni 2025 Ikulu ya Marekani iliomba kufuta takriban dola bilioni 9.4, kati yake milioni 400 zikiwa za PEPFAR. Muswada wa aina hii hauhitaji zile kura 60. Wawakilishi waliupitisha kwa kura 214 kwa 212, na siku hiyo pia mtu angeweza kutangaza kwamba "umepita". Lakini Seneti ikaziondoa zile milioni 400 kwenye orodha, ikapiga kura 51 kwa 48, na kwa kuwa maandishi yalikuwa yamebadilika, muswada ukarudi kwa Wawakilishi, waliokubali kwa 216 kwa 213. Ulisainiwa Julai 24 bila fedha za PEPFAR kuguswa.

Bunge la 119 linamaliza muda wake Januari 3, 2027. Muswada wowote ambao siku hiyo utakuwa haujapita mabaraza yote mawili utakufa, hata kama ulibakiza kura moja tu, na anayeutaka ataupeleka upya kwenye lile sanduku la mbao ukapewe namba mpya.