Wajibu wa kampuni mama: mgodi uko kwetu, mwenye mgodi yuko ng'ambo

Ukiuliza mgodi ni wa nani, utatajiwa jina lililoko kwenye leseni. Hilo ni la kampuni tanzu, iliyosajiliwa hapa hapa nchini. Juu yake huwa kuna nyingine, pengine na nyingine tena, na kileleni kabisa iko kampuni mama, London au Toronto, ambako faida huishia. Mbele ya sheria kila moja ni mtu wake: ina mali yake, madeni yake na kesi zake. Kwa hiyo mwanakijiji aliyeharibiwa mto akibisha hodi London, huambiwa akaishtaki ile ya kwao.

Wajibu wa kampuni mama ni dhana ya kisheria inayosema jibu hilo halitoshi. Kama kampuni mama ndiyo iliyoshika usukani wa shughuli iliyoleta madhara, basi nayo ilipaswa kujihadhari isiwaumize watu wa kijiji kile, na inaweza kushtakiwa huko huko ng'ambo iliko. Kumiliki hisa peke yake si hoja. Kinachotazamwa ni mkono wake kazini: nani aliamua bwawa la tope sumu lijengweje, nani alitunga kanuni za mazingira, nani alituma wakaguzi.

Kesi iliyonyoosha jambo hili ilitoka Chingola, kwenye ukanda wa shaba wa Zambia. Watu 1,826, wakulima maskini walio wengi, walidai kwamba tangu 2005 mgodi wa Nchanga ulikuwa ukimwaga sumu kwenye mito yao. Maji hayo hayo ndiyo waliyokunywa na kumwagilia mashamba. Mgodi uliendeshwa na Konkola Copper Mines, na kampuni mama ilikuwa Vedanta ya Uingereza. Vedanta ikataka kesi ipelekwe Zambia. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa.

Sababu zake zinafaa kusomwa taratibu. Kwanza, maneno ya Vedanta yenyewe yaliirudia. Katika ripoti zake ilikuwa imejieleza kuwa inaweka viwango vya mazingira kwa migodi yake yote, inatoa mafunzo na kufuatilia utekelezaji. Majaji wakaona hayo yanatosha watu wa Chingola wapate nafasi ya kusikilizwa. Pili, na hapa ndipo mimi huguswa zaidi, mahakama ilikubali kuwa mahali pa asili pa kesi ile ni Zambia, ila ikauliza: haki itapatikana kweli? Hawa ni watu wasio na fedha, msaada wa kisheria kwa kesi kama hiyo hakuna, na sheria ya Zambia haikuruhusu mapatano ya wakili kulipwa pale tu anaposhinda. Kumwambia mtu wa hali hiyo akashtaki kwao ni kumfungia mlango.

Hukumu ile haikusema nani alichafua mto. Ilifungua njia tu, na Januari 2021 pande mbili zilimalizana nje ya mahakama, kampuni zikiwa hazijakiri kosa.

Njia yenyewe haifanani kila nchi. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada iliruhusu wafanyakazi wa Eritrea kuishtaki Nevsun, kampuni ya Kanada, kwa madai ya kutumikishwa kwa nguvu kwenye mgodi wa Bisha. Lakini wana Nyamongo, wilayani Tarime, mambo yamewaendea tofauti. Mwaka 2015 baadhi yao walipatana na wenye mgodi wa North Mara katika kesi ya London. Novemba 2022 wengine wakafungua kesi Ontario, jimbo la Kanada, dhidi ya Barrick, kampuni mama ya mgodi huo, wakidai ndugu zao waliuawa na polisi wanaolinda mgodi, madai ambayo Barrick iliyakana. Miaka miwili baadaye jaji aliamua kuwa mahali pa kesi hiyo ni Tanzania.