Kamera Peke Yake Haiiti Mtu: Kuchagua King'ora cha Nyumbani Kinachoshirikiana na Kamera

Malalamiko yanayotufikia sisi polisi vituoni hapa Uganda siku hizi yanafanana. Nyumba imevunjwa, televisheni na mtungi wa gesi vimekwenda, na mwenye nyumba anaingia na simu mkononi: "Afande, kamera ninazo, picha zote hizi hapa." Tunaziangalia. Mtu aliyevaa kofia anapita uani saa tisa usiku, kisha anaonekana akitoka na mzigo begani. Kamera ilimwona tangu mwanzo hadi mwisho, wala haikumwamsha mtu. Mwenye nyumba alipata habari asubuhi, saa moja tu kabla yetu.

Makala haya ni ya mwananchi anayetaka kununua king'ora kinachofanya kazi pamoja na kamera, au ambaye tayari ana kamera na anataka kuongeza king'ora. Nachukulia kwamba unajua sensa ya mlango na sensa ya mwendo ni vitu gani. Muuzaji yeyote atakuonyesha. Nitaeleza yale ambayo muuzaji huyaruka.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo, kusema kweli, imetuchosha. Kamera ya nyumbani kwako haikuunganishwa na polisi. Kamera za barabarani ambazo polisi walianza kuzifunga Kampala mwaka 2018 ni mfumo wa peke yake, na hazioni sebule yako ya Najjera wala geti lako la Mbarara. King'ora chako nacho kikilia, hakilii kituoni kwetu. Kitalia pale tu ulipokielekeza kilie: simu yako, simu ya jirani, au chumba cha uangalizi cha kampuni ya ulinzi uliyoingia nayo mkataba.

Kwa hiyo panga ununuzi wako kwa kufuata king'ora, kamera zifuate. Anza kwa kuzunguka nyumba na kuhesabu milango na madirisha ambayo mtu anaweza kupitia, ukiwemo ule mlango wa stoo ambao kila mtu huusahau. Kila pahali hapo panahitaji sensa. Kisha jiulize: sensa hii ikilia, nitataka kuona nini? Jibu lake ndilo linalokuambia kamera ifungwe wapi. Watu wengi hufanya kinyume, wanafunga kamera nne kwenye pembe za paa, juu sana, halafu wanapata picha nzuri ya vichwa vya wezi kutoka juu. Kamera moja karibu na mlango, kwenye urefu unaoonyesha uso, inatusaidia kuliko hizo nne.

Kuunganishwa kweli na kuunganishwa kwa maneno

Fundi akikuambia "zote zitaingia kwenye simu yako", hiyo peke yake si kuunganishwa. Kuwa na programu mbili kwenye simu moja hakufanyi king'ora kizungumze na kamera.

Njia ya zamani, na bado ni imara, ni waya. Kisanduku cha king'ora kina relei, yaani swichi ndogo inayojifunga yenyewe, na rekoda nyingi, yaani vile vifaa vinavyohifadhi picha za kamera, zina matundu ya kuingizia alama ya king'ora nyuma yake. Mlango wa nyuma ukifunguliwa, relei inafunga, rekoda inaweka alama kwenye picha za kamera ya mlango huo na kuzituma. Haijali kampuni zilizotengeneza vifaa hivyo na haitegemei intaneti ili picha ziwekwe alama. Kasoro yake ni kwamba relei moja hubeba habari moja, kwa hiyo mwenye milango sita atahitaji relei zaidi au aridhike na alama ya jumla.

Njia ya pili ni kununua king'ora na kamera vya mtengenezaji mmoja, vikasimamiwa na programu moja. Ni rahisi kutumia, ila umejifunga kwake. Kamera ikifa baada ya miaka mitatu na aina hiyo haiuzwi tena Kampala, ndipo utakapojua umejifunga kiasi gani.

Njia ya tatu ni kuchanganya vifaa vya kampuni tofauti kupitia lugha ya pamoja. Utaona neno ONVIF kwenye boksi. Huo ni umoja ulioanzishwa mwaka 2008 na kampuni za Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali vielewane. Muuzaji hukuonyesha neno hilo kana kwamba limemaliza mambo yote. Uliza ni profaili ipi, yaani ni kundi gani la kazi ambazo kifaa kinaahidi kuelewana na vingine. S na T zinahusu hasa kupitisha picha. M ndiyo iliyotengenezwa kwa habari za matukio na uchambuzi. Boksi lenye S peke yake linakuahidi picha. Halikuahidi kwamba mlango ukifunguliwa rekoda itajua.

Kabla ya kulipa salio, fanya jaribio hili mbele ya fundi. Washa mfumo, toka nje, mwambie mtu afungue mlango wa nyuma. Simu yako inapaswa kulia, itaje mlango gani, na ikupe kipande cha picha kinachoanza sekunde kadhaa kabla ya mlango kufunguka. Sekunde hizo za kabla ndizo zenye uso. Baada ya hapo mwizi ameshatupa mgongo. Sasa zima ruta ya intaneti, rudia. Kisha zima umeme kwenye swichi kuu, rudia tena. Fundi mzuri hatakasirika.

Umeme, laini na senene

Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, unakwisha usiku wa manane kama unavyokwisha mchana, na mwizi anayejua mahali mita yako ilipo anaweza kuzima nyumba nzima. Kisanduku cha king'ora huwa na betri ya volti 12, mara nyingi ya saa-ampea 7. Kama kisanduku na sensa zake zinavuta robo ampea, hesabu ya karatasi inakupa saa 28. Kiwango cha Ulaya cha EN 50131 kinataka angalau saa 12 kwa mfumo wa daraja la 2, ambalo ndilo linalofaa nyumba za kawaida. Lakini ifungie betri hiyohiyo rekoda yenye kamera nne, zinazovuta wati 40 hivi, na itakufa ndani ya saa mbili. Betri ya king'ora iachwe kwa king'ora. Kamera zipewe chanzo chao cha akiba.

Kwa mawasiliano, chagua kisanduku kinachotumia intaneti na pia laini ya simu. Hapa kuna jambo dogo linalotuletea usumbufu mkubwa: laini hiyo isajiliwe kwa jina lako na kitambulisho chako cha taifa. Mafundi wengine huweka laini iliyosajiliwa kwa jina lao ili kazi iishe haraka. Siku mnapogombana, laini ni yake. Vilevile weka salio. Laini iliyolala bila salio haitumi ujumbe. Na vifaa vinavyotumia masafa ya redio au laini ya simu vinapaswa kuwa vya aina iliyoidhinishwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, kwa hiyo muulize muuzaji akuonyeshe idhini hiyo.

Sensa zisizo na waya zinafaa kwa nyumba iliyokwisha kupigwa plasta, mradi ziwe zile ambazo kisanduku hukagua mara kwa mara kama bado zipo. Za bei ya chini kabisa hutuma tu, hazipokei. Betri yake ikiisha, kisanduku hakijui lolote na kinaendelea kukuonyesha kuwa kila kitu ni salama.

King'ora kinacholia ovyo hakidumu wiki tatu kabla mwenyewe hajakizima. Sensa ya mwendo husoma joto linalosogea, kwa hiyo usiielekeze kwenye mlango wa bati unaopigwa na jua la mchana au kwenye pazia linalopepea. Mjusi anayetembea juu ya sensa yenyewe huonekana mkubwa kama mtu. Kamera nazo huchokozwa na utando wa buibui kwenye taa yake ya usiku, na Novemba senene wakianza kujaa kwenye taa za nje, simu yako haitanyamaza. Ndiyo maana king'ora kianze kwa sensa ya mlango au ya mwendo, na kamera ithibitishe. Ukiachia kamera peke yake ndiyo iamue, utajikuta unaamshwa na wadudu ambao wengine wangewakaanga.

Nani atakuja?

Amua hili kabla ya kununua. Kama hutaki mkataba na kampuni, orodhesha simu tatu: yako, ya mtu wa ndani ya mtaa, na ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ikiwa amekubali. Ukiona picha ya mtu ndani, piga 999 au 112, sema uko wapi kwa alama zinazojulikana, sema umeona watu wangapi na kama wana silaha. Usiende mwenyewe.

Kama unachukua kampuni, kampuni za ulinzi binafsi hufanya kazi kwa leseni ya Mkuu wa Polisi, chini ya kanuni za mwaka 2013. Omba kuona leseni yenyewe, angalia jina na tarehe ya kumalizika, usiridhike na nakala iliyobandikwa ukutani. Mkataba useme nani anaona picha zako, zinahifadhiwa siku ngapi na wapi. Kampuni inayokusanya au kuhifadhi picha za watu inapaswa kusajiliwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari.

Kuhusu sheria hiyo nieleze zaidi, kwa sababu watu hudhani inahusu benki na kampuni za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahesabu adhabu kwa pointi za fedha, na pointi moja ni shilingi 20,000. Anayepata au kutoa data binafsi ya mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa hadi pointi 240, yaani shilingi 4,800,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Anayeziharibu, kuzifuta, kuzificha au kuzibadilisha kinyume cha sheria yuko kwenye kiwango hichohicho. Anayeziuza ni pointi 245, yaani shilingi 4,900,000, na kifungo ni kilekile. Kosa likiwa la kampuni, mahakama inaweza kuiamuru ilipe hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka.

Kwa hiyo kamera ya getini isitazame dirisha la chumba cha jirani. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya nyumba yake kama inavyolinda yako. Kamera nyingi zina uwezo wa kuziba kipande cha picha, mwambie fundi autumie. Dada wa kazi na askari wa getini waambiwe kuwa kamera zipo. Bafuni na chumba anacholala mfanyakazi, hapana, na sitajadiliana na mtu juu ya hilo. Na tafadhali acheni kurusha picha kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa na maneno "mwizi huyu hapa". Aliyeonekana getini anaweza kuwa kijana wa boda boda aliyeleta mzigo kwenye nyumba isiyo yake. Tumewahi kufika tukakuta umati umeshamhukumu mtu.

Picha zitakazokubalika mahakamani

Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rekoda duniani kote kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Akaunti kuu iwe yako. Fundi apewe ya muda, uifute akiondoka.

Angalia saa. Rekoda nyingi huletwa zikiwa na saa ya China, iliyo mbele yetu kwa saa tano. Wizi wa saa nane usiku unaandikwa 07:00, saa moja asubuhi, na wakili wa mshtakiwa hatahitaji swali jingine.

Hesabu pia nafasi. Kamera nne, kila moja ikitumia megabiti 2 kwa sekunde muda wote, zinajaza gigabaiti 86 hivi kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku 11, halafu inaanza kufuta za zamani. Ukienda kijijini Krismasi na kurudi baada ya wiki mbili, usiku wa wizi unaweza kuwa umeshafutwa. Na rekoda yenyewe ifungiwe kabatini, maana wezi huibeba pamoja na televisheni.

Wizi ukitokea, usiguse mipangilio ya rekoda. Njoo kituoni uripoti, na usiondoke bila nambari ya kumbukumbu ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo. Picha zinakiliwa kutoka kwenye rekoda zikiwa kamili, kwenye flashi mpya, pamoja na programu ya kuzifungulia. Kupiga video ya skrini kwa simu hakutoshi. Aliyenakili aandike jina lake, tarehe, saa, aina ya rekoda na tofauti ya saa yake na saa halisi, kisha atoe maelezo kwa mpelelezi, kwa sababu anaweza kuitwa shahidi. Chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011, anayeleta ushahidi wa kielektroniki ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha kwamba ni halisi, na mahakama hutazama jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama haukuguswa. Mpelelezi akichukua rekoda yenyewe kama kielelezo, dai hati iliyosainiwa yenye nambari ya kifaa. Kufungua jalada hakulipiwi. Ukiombwa pesa ili picha zako ziangaliwe, chukua jina na nambari ya askari huyo na umwone mkuu wa kituo siku hiyohiyo.