Indiana Fever 2025: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Mechi ya WNBA, ligi kuu ya kikapu ya wanawake Marekani, ikianza saa moja jioni kule Indianapolis, Dar es Salaam na Nairobi ni saa nane usiku. Wengi wetu tumelala. Asubuhi tunakuta vipande vya nusu dakika kwenye simu: Caitlin Clark anarusha kutoka karibu na nembo ya katikati, wachezaji wanasukumana, mtu anatolewa nje akichechemea. Kwa vipande hivyo tunajitungia msimu mzima. Panapobaki pengo tunaziba kwa tunachokijua cha soka: dirisha dogo, mkopo, kushuka daraja. Ligi yenyewe haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Sijui timu iliyosimuliwa vibaya mwaka 2025 kuliko Indiana Fever, timu ya Clark ya hapo Indianapolis.

“Fever ni Caitlin Clark, wengine wanamsindikiza”

Dhana hii haikuota yenyewe. Clark alichaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya 2024, yaani utaratibu wa timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, na katika msimu wake wa kwanza tu akatoa asisti 337, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja. Fever wakamaliza wakiwa wameshinda mechi 20 na kupoteza 20, wakarudi kwenye mtoano walioukosa tangu 2016. Anayesema Clark aliibadilisha timu ile hajakosea.

Tatizo linaanza pale mtu anapouchukua mwaka ule na kuubandika juu ya 2025. Mei aliumia msuli wa paja. Juni kinena cha kushoto. Julai 15, dhidi ya Connecticut Sun, kinena cha kulia, na hapo ndipo msimu wake ulipoishia. Septemba 4 ikatangazwa rasmi kuwa harudi. Kati ya mechi 44 za msimu wa kawaida alicheza 13. Akiwepo, Fever walishinda 8 na kupoteza 5. Asipokuwepo, walishinda 16 na kupoteza 15.

Namba hizo kila mtu anazivuta upande wake. Kwa kweli timu ilikuwa bora akiwa uwanjani, na anayekataa hilo anabisha tu. Lakini timu ya mtu mmoja ikimkosa huyo mmoja haishindi zaidi ya nusu ya mechi zake, tena na kuingia mtoano.

Waliobeba mzigo wana majina. Kelsey Mitchell yuko Indiana tangu 2018, alipochaguliwa wa pili kwenye drafti akitokea Chuo Kikuu cha Ohio State. Mwaka wake wa kwanza timu ilishinda mechi 6 na kupoteza 28. Mwaka 2022 ilishinda 5, ikapoteza 31. Wenzake wengi walikuja na kuondoka, yeye akabaki akifungia timu ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Mwaka 2025 alicheza mechi zote 44, akawa na wastani wa pointi 20.2, na akaingia kikosi cha kwanza cha nyota wa ligi pamoja na A'ja Wilson na Napheesa Collier. Mtu huyo ukimwita msindikizaji unamwonea.

Chini ya kikapu alikuwepo Aliyah Boston, mzaliwa wa St. Thomas katika visiwa vya Karibi, na wastani wake wa pointi 15 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu) zaidi ya 8 kwa mechi. Vipande vya simu havimpendi sana, kwa sababu kazi yake nyingi ni ya kuzuia, kusukuma kwa mgongo na kutoa pasi ambayo mwingine ndiye atakayeonekana akifunga.

“Mchezaji akiumia si wasajili mwingine?”

Hapa mazoea ya soka yanatupoteza kabisa. Mwaka 2025 timu ya WNBA ilikuwa na wachezaji wasiozidi 12. Haikuwa na kikosi B, haikuwa na vijana wa kupandisha, haikuweza kuazima mchezaji kwa jirani. Mishahara ya timu nzima ina kikomo, na kwa 2025 kikomo hicho kilikuwa dola 1,507,100. Hakuna tajiri wa kutoa mfukoni mwake akaruka ukuta huo, hata awe na fedha kiasi gani. Mitchell peke yake alikuwa kwenye mshahara wa juu kabisa unaoruhusiwa, dola 249,244, yaani karibu moja ya sita ya fungu lote.

Kinachobaki ni mkataba wa dharura. Wachezaji wanaoweza kucheza wakipungua chini ya kumi, timu inaruhusiwa kuongeza mtu nje ya utaratibu wa kawaida. Sharti lake ni kali: majeruhi akipona na hesabu ikarudi sawa, yule wa dharura anafungasha.

Aari McDonald aliyaonja yote mawili kwa mwezi mmoja. Aliitwa mwanzoni mwa Juni wakati Clark na Sophie Cunningham wameumia, akacheza vizuri, washabiki wakampenda. Katikati ya Juni Clark akarudi na McDonald akaondoka, ingawa hakuna aliyekuwa na neno baya juu ya mchezo wake. Kisha nafasi ya kudumu ikafunguka kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia: DeWanna Bonner, mkongwe aliyesajiliwa kwa matumaini makubwa, alicheza mechi tisa tu, mambo hayakukaa sawa, na Juni 25 timu ikaachana naye. McDonald akarudishwa. (Bonner alikwenda Phoenix Mercury, akamaliza msimu akicheza fainali. Soko la Juni lina vichekesho vyake.)

Agosti 7, huko huko Phoenix, Fever walifungwa 95–60, na kipigo hicho ndicho kilichokuwa nafuu. McDonald alivunjika mguu. Sydney Colson alichanika kano ya mbele ya goti. Clark tayari alikuwa nje. Wapangaji watatu wa mchezo wakawa wamekwisha, timu ikabaki bila mtu ambaye kazi yake ya kawaida ni kuupandisha mpira.

Ndipo akaja Odyssey Sims kwa mkataba wa dharura. Alikuwa ameanza msimu huo na Los Angeles Sparks wakamwacha Julai, na wiki chache baadaye akawa ndiye anayeanza mechi za mtoano kwa timu iliyokuwa ikiitwa timu ya Caitlin Clark. Shey Peddy naye akaja kwa mlango huo huo. Anayesema “walisajili tu mwingine” hajajaribu kuwaza ugumu wa kujifunza mifumo yote ya timu kwa siku mbili, huku ukijua mkataba wako unategemea goti la mtu mwingine.

“Wote wale kuumia, lazima mazoezi yana kasoro”

Orodha ni ndefu, nakubali: Clark, McDonald, Colson, Chloe Bibby, Cunningham. Lakini tazama walivyoumia. Cunningham aliangukiwa mguuni na mpinzani, Agosti 17 dhidi ya Connecticut, kano ya upande wa ndani wa goti ikachanika. Hakuna zoezi la kumzuia mtu asikuangukie. Misuli ya paja na kinena ni habari nyingine, na hapo ratiba ina neno lake, maana ligi ilipandisha mechi kutoka 40 hadi 44 na kuzibana kati ya katikati ya Mei na katikati ya Septemba. Kuyafunga majeraha ya aina tofauti kwenye furushi moja na kumtwisha kocha Stephanie White ni kutafuta mchawi.

Tena siku hiyo hiyo Cunningham alipoumia, Fever walikuwa nyuma kwa pointi 21. Walishinda 99–93 katika muda wa ziada, Mitchell akifunga pointi 38. Haijawahi kutokea katika historia ya klabu kurudi kutoka nyuma kwa pengo kubwa namna hiyo.

“Cunningham ni mgomvi wa kukodiwa”

Juni alitolewa nje kwa kumvuta chini Jacy Sheldon wa Connecticut Sun, baada ya Clark kuchokozwa. Kipande hicho kilizunguka dunia. Mitupo yake ya pointi tatu haikuzunguka, ingawa alikuwa akiingiza zaidi ya asilimia 43, kiwango kizuri kwa mrushaji yeyote wa ligi ile.

“Julai walibeba kombe, basi walikuwa mabingwa”

Walibeba, ndiyo, lakini si lile. Julai 1 Fever waliifunga Minnesota Lynx 74–59 mjini Minneapolis na kutwaa Commissioner's Cup. Ni shindano lililopachikwa ndani ya msimu. Baadhi ya mechi za Juni zinahesabiwa mara mbili, kwenye msimamo wa ligi na kwenye kombe, kisha timu bora ya kila kanda inaingia fainali. Fainali yenyewe haihesabiwi kwenye msimamo. Ubingwa wa ligi unatafutwa Septemba na Oktoba.

Wapo wanaokosea upande wa pili na kusema lilikuwa bonanza. Lynx walimaliza msimu na rekodi bora kuliko timu yoyote, ushindi 34 na vipigo 10, na walifungwa nyumbani kwao. Clark hakucheza siku hiyo. Natasha Howard wa Fever alifunga pointi 16, akadaka ribaundi 12, akatajwa mchezaji bora.

Halafu kuna fedha. Mwaka 2025 kila mchezaji wa timu iliyoshinda kombe hilo alipata takriban dola 30,000, na hiyo ilikuwa zaidi ya bonasi ambayo mchezaji alikuwa akipata kwa kuwa bingwa wa ligi. Mshahara wa Clark wa msimu mzima wa 2025 ulikuwa dola 78,066. Kwa mtu anayedhani nyota wa Marekani wote wanalipwa kama LeBron James, hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini, Julai 19, kwenye mechi ya nyota iliyochezwa hapo hapo Indianapolis, wachezaji waliingia kupasha misuli na fulana zenye maandishi ya kudai walipwe stahiki yao.

“Timu ikiburuta mkia inashuka daraja”

Hakuna daraja la kushukia. Timu zinazokosa mtoano huingia kwenye bahati nasibu ya drafti, na waliofanya vibaya zaidi kwa misimu miwili iliyojumlishwa ndio wenye nafasi kubwa ya kuchagua mapema. Kwa hiyo ule mwaka wa ushindi 5 na vipigo 31 haukuwaua Fever. Mwaka 2023 walichagua wa kwanza, wakamchukua Boston. Wakashinda 13 tu, na 2024 wakachagua wa kwanza tena, wakamchukua Clark. Mshabiki wa timu inayopigania kubaki ligi kuu kwetu huku akisikia hivyo anaweza kudhani ametaniwa.

“Nafasi ya sita, walifika nusu fainali kwa kubahatisha”

Nafasi ya sita ni kweli, ushindi 24 na vipigo 20. Raundi ya kwanza ni mechi tatu, anayeshinda mbili anapita. Mpaka 2024, mbili za mwanzo zilichezwa kwa mwenye nafasi ya juu, ndiyo maana Fever walitolewa na Connecticut Sun mwaka huo bila kucheza hata mechi moja ya mtoano nyumbani. Mwaka 2025 utaratibu ulibadilishwa: moja kwa huyu, moja kwa yule, ya tatu inarudi kwa mwenye nafasi ya juu.

Mabadiliko hayo yaliwasaidia, sina ubishi. Atlanta Dream walishinda ya kwanza 80–68. Indianapolis wakajibu 77–60, ushindi wao wa kwanza katika mtoano tangu 2015. Ya tatu ilirudi Atlanta, ambako kelele zilikuwa za wenyeji, na Boston akafunga zikiwa zimebaki sekunde kama saba; Lexie Hull akaupokonya mpira Dream walipojaribu kurusha ndani. 87–85.

Kisha, kwenye nusu fainali, Las Vegas Aces, timu iliyomaliza msimu wa kawaida kwa kushinda mechi 16 mfululizo. Fever walikwenda kwao wakashinda ya kwanza 89–73, Mitchell akiwa na pointi 34. Walipoteza mbili zilizofuata, wakashinda ya nne 90–83 kwa pointi 24 na ribaundi 14 za Boston.

Mechi ya tano ilichezwa Las Vegas, Septemba 30. Katika robo ya tatu Mitchell alianguka, miguu ikakataa kusogea. Baadaye ilielezwa kuwa nyuzi za misuli yake zilikuwa zimeanza kuvunjika kwa kazi kupita kiasi. Boston naye alitolewa kwa makosa sita. Sims, yule wa dharura, alifunga pointi 27. Bila Clark, bila McDonald, bila Colson, bila Cunningham, na sasa bila Mitchell wala Boston, mechi ilikwenda muda wa ziada kabla Aces hawajaimaliza 107–98.

Aces waliingia fainali wakaifagia Phoenix Mercury 4–0. Katika mtoano mzima walifungwa mechi tatu. Moja na Seattle Storm, mbili na Fever.